Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji wa Kaunti ya Lamu: kisima na choo vihesabiwe pamoja

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunakuandikia juu ya maji ya kunywa ya Amu, mji wetu wa kale katika kisiwa cha Lamu, na juu ya vyoo vyake. Mambo haya mawili tumeyatia katika barua moja kwa makusudi. Katika makaratasi ya serikali maji yana fungu lake na vyoo vina fungu lao. Chini ya mchanga wa kisiwa hakuna fungu: kinachoteremka chooni kinayafikia maji yale yale tunayoyapandisha kwa ndoo na pampu. Ombi letu ni kwamba kabla ya kaunti kununua mashine nyingine au kuchimba kisima kingine, maji na vyoo vipangwe kwa bajeti moja, na fedha za mwanzo ziende katika kupima, kuvuta maji taratibu na kuzoa mashimo ya vyoo.

Maji matamu ya mji wetu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kisiwa hakina mto. Mvua ikinyesha juu ya vilima haitiririki, inazama, kisha inakaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kwa sababu maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi. Lita moja ya maji baridi, yaani matamu yasiyo na chumvi, ina gramu 1,000, lita ya maji ya bahari ina kama gramu 1,025. Gramu 25 hizo ndizo zinazoushika mji. Kwa hesabu inayojulikana na wataalamu wa visima tangu mwisho wa karne ya 19, kila sentimita 1 ya maji baridi iliyosimama juu ya usawa wa bahari ina karibu sentimita 40 za maji baridi chini yake. Maji yakisimama sentimita 30 juu ya bahari, basi chini kuna kama mita 12 za maji matamu.

Hesabu hiyo hiyo ukiigeuza inatisha. Ukishusha usawa wa maji kwa sentimita 10 tu na kuuacha hapo, chumvi itapanda kama mita 4. Haipandi siku ile. Inachukua wiki au miezi, na ndiyo sababu mwenye pampu haoni kosa lake mpaka chai imebadilika ladha. Chini ya kisima kinachovutwa kwa nguvu, maji ya chumvi huinuka kama kichuguu, kilele chake kikielekea kwenye mdomo wa bomba. Fundi asiyejua akiona kisima kimeingia chumvi huongeza kina. Hapo anakwenda kukipokea kile kichuguu. Dawa ni kinyume chake: kina kipunguzwe, mdomo wa bomba uinuliwe ukae nusu mita chini ya uso wa maji, na kisima kipumzishwe.

Pampu ya petroli ya bomba la inchi 2 inaweza kuvuta zaidi ya lita 20,000 kwa saa. Inafaa kumwagilia shamba lililo kando ya mto. Katika mchanga wa Shela inaua. Pampu ndogo ya sola inayotoa lita 1,000 kwa saa, ikifanya kazi saa 8, inatoa lita 8,000 kwa siku bila kutikisa mpaka wa chumvi kwa kiasi kile. Visima vingi vifupi vyenye pampu ndogo ni bora kuliko kisima kimoja chenye pampu kubwa. Huko Bonriki, katika kisiwa cha Tarawa nchini Kiribati, wameliendeleza wazo hili zaidi: mabomba yenye matundu yamelazwa chini ya mchanga, kwa mlalo, juu kidogo ya usawa wa maji ya bahari, nayo yanakwangua maji ya juu tu kama mtu anayechota tui la kwanza. Sehemu za Tarawa ambako watu walijenga na kuchimba vyoo juu ya maji yao, maji hayo yaliachwa, hayanyweki tena.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kila nyumba inayopanda juu ya vilima vya Shela inatugusa sisi sote, hata anayekaa mtaa wa Langoni au wa Mkomani na hajawahi kuukanyaga mchanga ule. Nyumba hiyo inachimba shimo la choo katika paa la birika letu. Tunaomba mipaka ya eneo la maji iwekewe vigingi vinavyoonekana, na kibali cha ujenzi ndani ya mipaka hiyo kisitolewe kwa sababu yoyote. Uchukuzi wa mchanga kutoka vilimani usimame pia, kwa kuwa mchanga ule ndio chujio lenyewe.

Kupima si kazi ya gharama kubwa. Chombo cha mkononi cha kupima chumvi kwa njia ya umeme kinatosha mfukoni, na mtu aliyesoma darasa la nane anafundishika kwa asubuhi moja. Visima 20 vichaguliwe: vingine vilimani, vingine mjini, vingine pembeni ya bahari. Vipimwe mara mbili kila mwezi, wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na wakati wa maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, saa ile ile, kwa sababu maji yakijaa baharini usawa wa kisima cha pwani nao hupanda, na kipimo cha siku moja kinaweza kumdanganya mtu. Iandikwe chumvi, na iandikwe pia umbali kutoka ukingo wa kisima hadi uso wa maji. Namba zibandikwe ukutani msikitini na sokoni. Kisima ambacho chumvi yake inapanda miezi mitatu mfululizo kipunguziwe saa za kuvuta kabla hakijaharibika, hasa wiki za Maulidi, mji unapojaa wageni na pampu hazizimwi usiku kucha.

Chumvi mtu huionja. Vilivyomo vingine havionjwi.

Umoja wa Mataifa, katika Azimio 64/292 la tarehe 28 Julai 2010, ulitambua maji salama na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Mwaka huo huo Kenya ilipata Katiba ambayo Kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na haki ya kiwango cha kuridhisha cha usafi. Jedwali la Nne likaiweka huduma hiyo mikononi mwa kaunti, yaani mikononi mwako. Shirika la Afya Duniani na UNICEF katika hesabu yao ya mwaka 2024 waliona watu bilioni 2.1 hawana maji ya kunywa yaliyo salama kwa ukamilifu, na bilioni 3.4 hawana choo cha namna hiyo. Wengi husikia namba hizo wakadhani ni watu wa jangwani wanaotembea nusu siku na mtungi kichwani. Maana ya neno lenyewe ni nyingine: maji yawe nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yasiwe na uchafu. Nyumba ya mawe ya Amu yenye kisima uani imetimiza mawili ya kwanza. La tatu likikosekana, watu wa nyumba ile wamo katika bilioni 2.1.

Na la tatu ndilo gumu kwetu, kwa sababu mji ulijengwa kwa kubanana. Shimo la choo linatakiwa liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na sakafu yake iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa juu kabisa wa maji ya ardhini. Ndani ya mitaa yetu ya kale ukipiga hatua 30 umevuka nyumba tatu au nne. Mchanga laini huchuja sana. Vijidudu vingi vya bakteria vinanaswa njiani. Virusi ni vidogo mno, huenda mbali zaidi. Na kuna kitu ambacho mchanga haukichuji kabisa, nacho ni naitreti, chumvi inayotokana na mkojo na kinyesi vikishaoza. Kikomo chake ni miligramu 50 kwa lita, na kimewekwa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga: naitreti ikizidi, damu yao inashindwa kubeba hewa, midomo na kucha hugeuka samawati. Tunalisisitiza hili kwa sababu mama anapochemsha maji anaamini ameyasafisha. Ameviua vijidudu, ni kweli, lakini mvuke unapotoka naitreti inabaki, na sufuria iliyochemka muda mrefu ina naitreti nzito kuliko kisima chenyewe. Klorini nayo haiiondoi. Mtoto mchanga anywe maji ya mvua au ya kisima kilichopimwa, na kazi ya kaunti ni kuwaambia akina mama kisima kipi ni kipi.

Kwa vijidudu, zipo chupa ndogo za kupimia zenye dawa ndani. Unatia maji, unaziacha mahali penye joto la kawaida la pwani, na baada ya saa 24 hadi 48 maji yakigeuka meusi ujue yana alama ya kinyesi. Hazihitaji maabara. Kisima kilichogeuka cheusi kitibiwe hivi. Kwanza ukingo: uinuke sentimita 75, uwe na mfuniko, uzungukwe na sakafu ya saruji ya upana wa mita 1.5 yenye mteremko na mfereji wa kupeleka maji mbali. Ndoo iwe moja, ya kisima, iangikwe juu. Ndoo inayowekwa chini, palipopita punda, ndiyo inayorudisha kinyesi ndani kila alfajiri. Mita 3 za juu za ukuta zikandikwe saruji, maana mawe ya matumbawe yaliyopangwa bila kuzibwa hupitisha maji ya uani moja kwa moja.

Ndipo klorini. Kisima chenye upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 2 kina kama lita 2,260. Kwa dawa kali ya miligramu 50 kwa lita, inatakiwa gramu 113 za klorini yenyewe, na unga unaouzwa wenye nguvu ya asilimia 65 ni gramu 174. Uyeyushwe katika ndoo ya plastiki, uachwe utulie, kisha maji ya juu yaliyo angavu yamwagwe kisimani. Machicha yasiingie kisimani. Kuta zisuguliwe kwa maji hayo. Kisima kifungwe saa 12 mpaka 24, kisha kichotwe hadi harufu ipungue. Kazi hii inafanya kisima kilichotengenezwa kiwe safi, haimlindi mtu dhidi ya shimo la choo la jirani linalovuja kila siku. Kisima kisichotengenezwa kitarudi kuwa kama kilivyokuwa ndani ya wiki moja. Kwa maji ya kunywa nyumbani, mtungi wa lita 20 wa maji maangavu unahitaji mililita 4 za maji ya klorini ya asilimia 1, na kungoja dakika 30. Na unga huo usihifadhiwe katika mkebe wa bati: hewa yetu ya chumvi na joto hula bati, na unga unapoteza nguvu kabla ya kufunguliwa.

Sasa mashimo. Huu ndio upande ambao fedha hukosekana kila mwaka, nasi tunaomba uupe uzito kuliko wote. Lori la kunyonya maji taka haliwezi kupita katika vichochoro vya Amu, wala halitapita kamwe, na mji wa kale uliomo katika urithi wa dunia tangu 2001 hauwezi kubomolewa kwa ajili yake. Mashimo hujaa. Yakijaa, ama mwenye nyumba anachimba jingine karibu zaidi na kisima, ama anaacha yafurike mferejini hadi baharini, pale pale watoto wanapoogelea.

Mtu mmoja huacha tope la kama lita 40 kwa mwaka katika shimo lenye maji. Nyumba ya watu 8 ni lita 320, na kwa miaka 5 ni lita 1,600. Hizo ni mapipa 32 ya lita 50, yenye mifuniko ya kukaza, ambayo watu wawili wanaweza kuyabeba kwa mti mpaka gatini na kuyapakia mashuani. Kinachovuta ni pampu ya mkono iliyo kama bomba refu lenye mpini, inayoteremshwa shimoni na kuinua tope kwa kusukwasukwa. Inafika mita moja mpaka mbili. Tope la chini likiwa zito halipandi. Lazima litiwe maji na likorogwe. Kinachoiziba kila siku ni nepi, sodo, mifuko na vitambaa, kwa hiyo huduma hii haiwezi kufaulu bila pipa la taka katika kila choo.

Na asiingie mtu shimoni. Hewa ya shimo lililofunikwa inaua kwa pumzi chache, na anayeruka kumwokoa mwenzake hufa naye. Wazoaji wapewe glavu ndefu, viatu vya mpira, miwani na sabuni, wachanjwe pepopunda na homa ya ini, wapewe dawa ya minyoo, na walipwe kwa heshima. Kazi yao ni ya kulinda maji ya mji mzima.

Tope lipelekwe bara, mahali penye udongo mkavu mbali na visima, likamwagwe katika vitanda vya kukaushia: kokoto chini, mchanga wa sentimita 20 mpaka 30 juu yake, tope lisizidi sentimita 25. Lita 1,600 za nyumba yetu ya mfano zinataka eneo la mita za mraba 6.4. Wakati wa kaskazi hukauka kwa wiki mbili hadi tatu. Masika kunahitajika paa. Maji yanayochuruzika chini ya kitanda bado ni machafu, yaelekezwe kwenye bustani ya matete yenye sakafu iliyozibwa. Tope lililokauka lirundikwe zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kutiwa minazini, kwa sababu mayai ya minyoo huishi muda mrefu kuliko kila kitu kingine kilichomo. Na mchanga wa vitanda hivyo usitoke Shela.

Kwa nyumba mpya, kibali kidai tangi la vyumba viwili, sakafu imezibwa kwa saruji, chumba cha kwanza theluthi mbili ya ukubwa wote. Palipo na maji karibu mno na uso wa ardhi, choo cha kuinuliwa cha kutenganisha mkojo na kinyesi kinafaa kuliko shimo. Lakini tunatahadharisha: michoro mingi ya choo hicho ina njia mbili tu, kana kwamba watu hawastanji, yaani hawajisafishi kwa maji baada ya haja. Maji ya kustanji yakiingia katika chumba cha kinyesi, hakikauki, kinanuka, na baada ya miezi miwili choo kinageuzwa stoo. Kwetu lazima kiwe na njia ya tatu, ya maji hayo, iende katika shimo dogo la mchanga na kokoto.

Kuhusu mvua tutasema kidogo, maana wazee wa Amu waliijua kuliko sisi. Paa la bati la mita za mraba 60, kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka na ukitoa asilimia 20 ya hasara, linaleta lita 38,400. Familia ya watu 6 wakitumia lita 15 kila mmoja kwa kunywa na kupika wanahitaji kama lita 33,000. Kwa hiyo paa linatosha, kinachokosekana ni mahali pa kuweka. Tangu vuli iishe mpaka masika yashike ni kama siku 120, yaani birika la lita 10,800. Lita 60 za kwanza za kila mvua zimwagwe kwa bomba la pembeni, zimebeba kinyesi cha kunguru. Birika lililopakwa chokaa mpya lijazwe na kumwagwa kwanza, kwa sababu chokaa hufanya maji kuwa makali na klorini haifanyi kazi vizuri humo. Wale samaki wadogo wa birikani wanaokula viluwiluwi vya mbu waachwe katika birika la kuogea, si la kunywa. Jabia za Ndau na Kiwayu, yaani mabirika makubwa ya kukingia maji ya mvua, zikarabatiwe kati ya Januari na Machi zikiwa tupu: nyufa zichongwe, zijazwe saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, zilowanishwe siku 7, na maji ya kuchanganyia yawe matamu. Saruji iliyochanganywa na maji ya bahari huozesha nondo, na jabia hupasuka tena kabla ya masika ya tatu.

Mashine za kuondoa chumvi hatuzipingi. Kiunga ilipata ya sola mwaka 2018, yenye uwezo wa lita 75,000 kwa siku, na mahali pasipo na maji matamu ardhini hakuna njia nyingine nzuri. Tunachoomba ni kwamba kila mashine inunuliwe pamoja na bajeti ya vichujio vya miaka 5 na mshahara wa fundi aliyefunzwa, na ijulikane mapema brini, yaani maji ya chumvi kali yanayobaki, itakwenda wapi. Katika lita 100 za maji ya bahari hutoka matamu kama 40. Zile 60 zimebeba chumvi yote na hazifai kumwagwa karibu na visima wala kwenye mikoko. Tarehe 4 Desemba 2014 moto uliwaka katika mtambo wa maji wa Malé, mji mkuu wa Maldivi, na watu kama 100,000 wakakosa maji ya bomba siku hiyo hiyo, kwa kuwa maji ya ardhini ya kisiwa yalikuwa yameshaharibika. Sisi bado tunayo yetu.

Tungependa utujibu barazani, mbele ya watu, juu ya mambo haya matatu: lini vigingi vya Shela vitasimikwa, ni nani atapima visima 20, na wapi upande wa bara patatengwa kwa vitanda vya tope. Chombo cha kupimia tutakuwa nacho siku hiyo, na kisima cha kwanza tunaweza kukipima pamoja nawe.

Wasalaam,

Mafundi wa visima, mabomba na afya ya mazingira, Amu